Mashine ya Kungoja Magoti

Jumanne, 1 Julai

Nimekinyamazia kitabu hiki tangu Pasaka. Samahani, ingawa sijui ninamwomba nani. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na la kuandika ila maziwa, mvua na majani ya chai. Leo lipo.

Harusi ya Karatina imethibitishwa: Jumamosi, tarehe 26. Wanataka ngoma yetu ya mwomboko, jozi sita za wachezaji, nusu saa nzima. Kodiani nitavuta mimi. Karing'aring'a haina mpigaji. Wambugu ameigonga pete hiyo ya chuma ubavuni mwangu kwa miaka thelathini na mmoja; tangu kiharusi cha Machi, mkono wake wa kulia umelala. Bila mdundo hatuchezi. Tusipocheza mara hii, kikundi kimekwisha. Hakuna atakayewaalika tena wazee walioshindwa kufika.

Nimeamua kununua mashine ya midundo. Iliyotumika, mpya siiwezi. Nina miaka sabini na miwili na usingizi umeniruka kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

Alhamisi, 3 Julai

Mjini Nyeri. Duka la vyombo vya muziki, ghorofani. Mwenye duka, Mama Shiku, ana mashine moja nyeusi iliyokuwa ya kwaya. Shilingi elfu tisa. Midundo mia mbili ndani yake.

"Mwalimu, hii ukishawasha unasahau," akasema. "Haichoki, hainywi chai, haiombi fare ya matatu."

Nilicheka. Sikukusudia. Nimeruhusiwa kukaa nayo hadi Jumatatu. Nikaacha kitambulisho.

Nimefanya mazoezi peke yangu tangu saa tisa hadi giza. Mdundo wa sabini na nne unatufaa. Haupungui wala hauzidi. Nyambura, mke wangu, amekuja mara mbili kuuliza kama ng'ombe watajikamua. Furaha tupu.

Jumamosi, 5 Julai

Mazoezi ya kikundi, uani kwetu Giakanja. Aibu.

Mwomboko ni hatua mbili, kisha kuinama. Vijana huinama na kuinuka papo hapo. Sisi huinama, kisha huinuka kwa mashauriano. Leo ndipo nilipofahamu kwamba Wambugu alikuwa akitazama magoti. Goti la mwisho likinyooka, ndipo alipogonga. Miaka yote hiyo nilidhani anayeongoza ni mimi.

Mashine haikumngoja mtu. Katika wimbo wa pili mzee Kariuki alikuwa chini, mkewe juu, na mashine imeshafika Karatina.

"Zima hiyo kitu!" Kariuki akapaza sauti kutoka huko chini. "Ama ije iniinue!"

Wakacheka hadi wakaketi nyasini. Mimi sikucheka hadi jioni.

Kosa ni langu. Niliijaribu mashine ya kuchezesha watu bila watu.

Jumatatu, 7 Julai

Nimeirudisha. Mama Shiku hakukasirika. Nilipomweleza habari ya magoti alifikiri kidogo, akasema sihitaji mashine inayojipiga yenyewe. Nahitaji ya kupigwa kwa vidole. Yeye hana. Akanielekeza kwa Bwana Noor wa Nanyuki, muuzaji wa vitu vilivyotumika.

Nilipaswa kuvunjika moyo. Sikuvunjika hata kidogo. Nimewaza vidole njia nzima.

Jumatano, 9 Julai

Nanyuki. Baridi ya kukata masikio.

Bwana Noor aliniketisha, akaagiza chai, ndipo akauliza shida yangu. Huo ndio utaratibu. Mashine yake ni mbaya kwa sura: kitufe kimoja kimepotea, waya wa umeme umezungushiwa utepe. Lakini ina vibao vinne vya mpira, laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Hurekodi sauti yoyote. Ukigusa kibao, sauti hiyo hutoka. Usipogusa, kimya. Itangoja hata mpaka kesho.

Nilipiga kofi, ikanirudishia kofi langu. Nikagusa tena. Na tena.

"Mzee wangu," akasema Bwana Noor, "mimi nauza mashine moja, lakini wewe unanifungulia sinema."

Niliinua kichwa. Wauza mbuzi wawili walikuwa mlangoni, wananitazama wakitabasamu. Sikujali. Bei elfu kumi na moja, akashusha hadi kumi. Nimeacha nusu ya bei, nimeondoka nayo, nina hadi Jumatano ijayo kuamua.

Ijumaa, 11 Julai

Kwa Wambugu, Gatitu, pamoja na Nyambura. Niliogopa. Si rahisi kumpelekea mtu chombo kinachoweza kushika kazi yake huku yeye anakutazama.

Tukaanza kurekodi karing'aring'a. Nikaigonga mimi.

"Hiyo ni kengele ya mbuzi," akasema.

Nyambura akagonga.

"Hiyo ni sufuria."

Maneno humtoka polepole siku hizi, lakini dharau yake haina dosari. Mwishowe akaagiza pete ining'inizwe kwa kamba mlangoni, maana mkono wa kulia hauwezi kuishika. Akachukua kijiti cha chuma cha kuigongea kwa mkono wa kushoto. Akagonga mara moja tu. Ndiyo. Sauti yenyewe. Sasa imo ndani ya mashine.

Nikamwekea vibao mapajani. Nikavuta kodiani. Nyambura akacheza peke yake, hatua mbili, akainama. Kidole cha kushoto kikangoja. Akakawia chini kwa makusudi, mjeuri yule, ili amjaribu. Kikangoja. Goti lilipomaliza kunyooka, kikagusa, mahali pake hasa. Nililia. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Wimbo wa tatu, kidole kilianza kuchelewa. Wa nne, kikakoma. Karatina wanataka nusu saa.

"Usiniambie ati nimepona," akasema kabla sijafungua kinywa.

Akataka mashine ibaki kwake. Ataniambia mwenyewe kama ataweza. Asipoweza, nitairudisha Nanyuki na kuwaarifu watu wa Karatina. Sitamsukuma. Nimesema hivyo kwa sauti, nami nitashika.

Jumapili, 13 Julai

Nilipotoka kanisani nilipitia Gatitu. Ukungu. Sikumwona mtu njiani.

Nilisimama nje ya ua wake. Ndani, mdundo mmoja. Kimya. Mwingine. Kimya kirefu zaidi, kisha mitatu mfululizo. Alikuwa akiwachezesha watu aliowaona yeye peke yake. Nilikaa pale kwa muda wa nyimbo tano, kwa makadirio yangu. Alipumzika, akaanza tena.

Sikubisha hodi.

Sitamwuliza kabla ya Jumatano. Neno ni lake. Akilitamka, liwe ndiyo au la, nitaliandika hapa kabla sijavua kofia.