Maji ya Kumtosha Baba Kabula

Jumatatu, Bariadi. Joto. Mawingu yapo tangu jana, lakini hakuna anayeyaamini.

Shajara,

Kwa masikitiko makubwa nautangazia ulimwengu kwamba tai yangu ya bluu, ile yenye vidoti, haiko nami tena. Imetumika kwa uaminifu. Imevumilia vumbi, mvuke wa basi la Maswa na mchuzi wa samaki wa Mwamanyili. Kuanzia jana alasiri imehamia Nkololo, ambako imeajiriwa kama mkanda wa suruali. Hakutakuwa na matanga. Rambirambi zipelekwe kwa Mzee Wafula, ambaye ana tai za kutosha na hajanipa hata moja.

Leo ni siku yetu ya maandalizi, siku ambayo sisi wamisionari tunaruhusiwa kufua, kunyoa na kuandikia familia. Naandika shajara hii ya mtandaoni kwenye chumba cha intaneti karibu na stendi. Kama kuna mkubwa wangu anayesoma hapa, ajue kwamba familia yangu ni kubwa na wengine hatujawahi kuonana.

Kwa wanafamilia wapya: sisi ni wale vijana wawili wa mashati meupe na baiskeli, wenye vibao vya majina kifuani. Wamormoni, kama watu wanavyotuita. Kazini naitwa Mzee, ingawa nina miaka ishirini na kidevu changu bado kinafikiria. Mwenzangu, Mzee Wafula, anatoka Bungoma, kule Kenya. Mimi ni mtoto wa Temeke. Kanuni inasema tusiachane, kwa hiyo hata sasa yuko kwenye kiti cha nyuma yangu, ameshika simu yetu ya pamoja, na anasinzia kwa niaba yetu sote.

Huku Simiyu biashara ilipofunguliwa, ilifunguka yote kwa mkupuo. Wakubwa wanasimulia kwamba zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja, ushirika, na roho zilikuwa na wanunuzi wasiozidi watatu. Siku hizi kila mnunuzi wa pamba ana mizani yake na kila mhubiri ana spika zake. Ukiingia kijijini umevaa tai, hakuna anayekuuliza unaamini nini. Wanakuuliza kampuni yako inatoa bei gani.

Ndivyo tulivyompata Baba Kabula. Alitukaribisha akijua tumekuja kwa habari ya pamba, na alipogundua kosa lake tulikuwa tumeshakalia viti.

Baba Kabula ni mkulima na mfugaji wa Nkololo, mrefu mno, akisimama mlangoni pake nyumba inaingia giza. Kabula alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana ya jina lenyewe, na alifariki kabla hajajifunza kutembea. Hakuwa amebatizwa popote. Siku ya msiba kuna mtu, simjui na sitaki kumjua, alimwambia baba kwamba mtoto wa namna hiyo haijulikani anakwenda wapi. Mtu akasema, akala ugali wa msiba, akaondoka. Baba akabaki na lile neno. Wamepata watoto wengine, wakubwa sasa, lakini jina halikubadilika, na kila anayemsalimu anamkumbusha.

Sisi tunafundisha kwamba mtoto mdogo hana dhambi ya kuoshwa. Yuko salama. Nilikuwa nimezoea kulisema hilo kama kondakta anavyotaja vituo. Nikalisema, nikawa naelekea kituo kinachofuata.

Baba Kabula akaniomba nirudie.

Nikarudia. Akamwita mkewe kutoka jikoni, akaniomba niseme tena mbele yake. Mama Kabula ni Mkatoliki wa tangu tumboni, anaimba sauti ya kwanza kwaya ya kigangoni. Alisikiliza amesimama, mwiko mkononi, halafu akarudi jikoni. Kwa muda mrefu hatukusikia sufuria wala mwiko.

Tangu siku hiyo sijalisema tena kama kondakta.

Baada ya hapo Baba Kabula alijifunza kila tulichomfundisha. Aliacha pombe, akaacha na ugoro, ambao kwa maelezo yake ulikuwa mgumu kuuacha kuliko mke. Mama Kabula alisema yeye hahami kanisani kwake, lakini dini yoyote inayotoa pombe nyumbani mwake anaiheshimu, hata kama wazee wake hawana ndevu.

Sasa tufike kwenye wiki yenyewe.

Jumanne tulimkuta amekaa juu ya kigoda, hana raha. Nyasi zimekwisha, lambo limebaki tope, na ng'ombe wanaanza kuonyesha mbavu. Yeye na wenzake wameamua Jumatatu, yaani leo, waswage mifugo kwenda kusini kutafuta malisho, na hawatarudi mpaka mvua zirudi. Ubatizo wake tulikuwa tumeupanga mwezi ujao. Akasema hawezi kungoja.

"Ile njia mimi naijua," akasema. "Wengine hawarudi. Nataka niswage ng'ombe nikiwa nimeshabatizwa, ili likinipata la kunipata, nijue ninakomkuta yule mtoto."

Nani angebishana na hilo? Mimi nilikuwa na langu pia, nakiri. Kwa miezi yote niliyotumika nimefundisha watu wengi, na kila mmoja alibatizwa na mtu mwingine, baada ya mimi kuhamishwa. Nilikuwa kama fundi anayechimba misingi tu. Nilitaka, kwa mara moja, kuwepo siku ya kuezeka.

Tatizo lilikuwa maji. Kwetu mtu hanyunyiziwi. Anazamishwa, mwili mzima, na wanasimama mashahidi wawili kuangalia. Ikibaki nje hata ncha ya kidole, unarudia. Mto umekauka, umebaki mchanga. Ziwa lipo, kule Busega, maji mpaka macho yanachoka, lakini mfugaji hawezi kuacha ng'ombe wenye njaa akapande basi kwenda kuoga. Na mtu tuliyetaka kumzamisha ni mrefu kuliko kitanda chochote cha Nkololo.

Kwa hiyo tulichimba shimo.

Mama Kabula ndiye aliyetuchagulia mahali, nyuma ya zizi, akatupimia kwa hatua zake kwa umakini ambao ulinigusa. Jumatano na Alhamisi tulichimba na vijana wake, mashati yamening'inia juu ya ua wa minyaa. Ijumaa nilipomshukuru kwa moyo wake, akaniambia niwe na amani: amekuwa akitaka shimo la samadi mahali pale kwa muda mrefu, na vijana wake hawakuwahi kulichimba kwa ajili ya samadi. Kwa ajili ya dini ya baba yao wamelichimba kwa siku mbili.

Tandiko la shimo tuliazima kwa wakala wa kampuni ya pamba. Msimu umekwisha, ghala lake ni popo tu, akatupa turubai kubwa la kijani bila maswali. Lina maandishi makubwa meupe: WEKA MBALI NA MOTO. Mzee Wafula alipoyaona alisema ndiyo mahubiri mafupi kuliko yote aliyowahi kuyasikia, na hakuna la kuongeza.

Jumamosi tulileta maji. Pampu ya shule ya msingi, mapipa, mkokoteni wa ng'ombe, tukaenda na kurudi mpaka jua likalegea. Shimo likajaa. Nilisimama kwenye ukingo nikatazama anga ndani yake, nikajisikia kama mhandisi. Kisha tukapanda baiskeli tukarudi Bariadi, kwa sababu kanuni inatutaka tuwe nyumbani kabla ya giza.

Hebu rudia kusoma hapo, shajara. Nchi ya ng'ombe, mwisho wa kiangazi, ng'ombe wana kiu, shimo la maji liko nyuma ya zizi. Nami mtoto wa Temeke nikaliacha wazi nikaenda kulala. Kwetu maji ukishayachota yanakaa pale ulipoyaweka.

Jana tulimaliza ibada, tukafika Nkololo na waumini wachache wa hapa mjini. Shimo lilikuwa tupu. Turubai lilikuwa na alama za kwato, na juu ya neno MOTO kulikuwa na kinyesi kibichi.

Nilidhani zizi limevunjwa. Halikuvunjwa. Baba Kabula alitujia taratibu, amevaa nguo nyeupe alizoshonewa na fundi wa mnadani, suruali ameishikilia kwa mkono maana fundi alikata kwa kukadiria, akaniambia ukweli bila kutafuta kona. Yeye ndiye aliyefungua zizi. Alfajiri ng'ombe walisikia harufu ya maji wakaanza kulia, na kesho yao ni safari.

"Walinitazama, Mzee," akasema. "Ningezamaje kwenye maji waliyoyaona wakanyimwa?"

Nilikuwa na la kumjibu. Nilikuwa na aya kadhaa za kumjibu. Mzee Wafula akanikanyaga mguu, na hiyo ndiyo kazi bora aliyoifanya wiki nzima.

Sikujua kwamba baada ya kuwanywesha, Baba Kabula alikuwa ameshafunga mkokoteni na kuanza upya peke yake. Pipa la kwanza lilikuwa limeshafika. Tukavua viatu tukaungana naye. Halafu wanajumuiya wenzake Mama Kabula wakawa wanatoka kigangoni, wamevaa vitenge vya sare, wakauliza kuna msiba gani. Mama Kabula akawaambia hakuna msiba, mumewe anataka kuoga na maji yamekuwa machache. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha wakaenda kuchukua ndoo zao.

Naomba niliandike hili polepole nisije nikalisahau. Wanawake wa Kikatoliki, wamevaa sare za kigangoni, walibeba maji kichwani kutoka shuleni ili Mmormoni abatizwe kwenye shimo la samadi. Jirani yao mmoja, shemasi wa kanisa la Kilokole, alileta ndoo mbili na onyo kwamba tumepotoka. Ndoo tulizipokea, na onyo akabaki nalo.

Suruali ya Baba Kabula ilikuwa bado inateremka. Hapo ndipo tai yangu ilipoitwa kwenye utumishi wa juu zaidi.

Tuliingia shimoni, maji yakatufika kiunoni. Mwanzoni yalikuwa meupe. Kisha yakawa ya bluu kidogo kutokea pale kiunoni kwake, maana ile tai niliinunua Kariakoo. Nikasema maneno, nikamlaza. Goti likatokea. Mzee Wafula, shahidi, akatikisa kichwa kwa huzuni ya hakimu. Tukarudia. Safari hii goti lilizama, lakini kidole gumba cha mguu wa kushoto kilisimama juu ya maji, kinatutazama wote.

"Huo mguu niachieni," akasema Mama Kabula kutoka ukingoni. "Huo ni wangu, wa Kikatoliki."

Kicheko kilifika shuleni. Hata mimi nilicheka, nikaogopa nitamzamisha mtu moja kwa moja. Baba Kabula hakucheka. Alifikiri kidogo, akaniambia tunakosea, tunamlaza kama gogo. Atapiga magoti kwanza, kama ng'ombe anavyolala, miguu ya mbele ikitangulia, na mimi nimsukume kutoka pale.

Akapiga magoti. Nikasema maneno mara ya tatu, neno kwa neno. Nikamwinamisha nyuma, na maji yakamfunika mwili mzima. Hakikubaki kitu juu. Kwa kitambo kifupi uso wa maji ulikuwa mtupu.

Akainuka, maji yakimtiririka. Hakumtazama mtu. Alipanda kutoka shimoni akatembea mpaka upande wa pili wa zizi, kwenye kituta kidogo kilichozungushiwa mawe, akasimama pale. Mama Kabula alimfuata na kitenge, akamfunika mabegani. Walikaa hivyo. Nilimsikia mama akisema jina la mtoto, mara moja, kama mtu anayemjulisha aliyelala kwamba wageni wamefika.

Mimi nilibaki shimoni, maji ya bluu kiunoni.

Najivuna. Naandika hivyo bila kuzunguka. Najua tumekatazwa kujivuna, nitatubu Jumapili, lakini leo ni Jumatatu na ni siku yangu ya kufua. Najivunia shimo, najivunia zile ndoo, najivunia hata kile kidole. Najivunia kwamba tuliwahi. Ingepita siku moja tu, mtu yule angeondoka na neno lile la msibani begani, akalitembeza mpaka huko kusini kusikojulikana. Sasa hivi ninavyoandika yuko njiani nyuma ya ng'ombe wake, na suruali yake haiteremki.

Wiki nzima nilikuwa nikijiuliza kwa nini Mungu alitupa haraka namna ile na maji kidogo namna ile. Nadhani leo nimeanza kuelewa. Nadhani alitaka

Nimekatizwa. Simu imelia, Mzee Wafula ameamka na kuipokea, ameweka sauti ya nje. Ni Baba Kabula. Yuko nyumbani, anapiga kelele ili asikike, maana nyuma yake bati linalia.

Nkololo mvua imeanza usiku na haijakatika. Mto umejaa. Ng'ombe hawaendi popote.