Lutuku ya Samaki wa Profesa

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Nimefagia labo kama kawaida, hata kama chuo kikuu kimefungwa na wanafunzi wamekimbia vita. Waaskari waliingia jana. Walikunywa alkoli yote ya bokali, zile chupa za kuhifadhia samaki wa masomo, wakaacha samaki wa Profesa wakavu ndani ya kioo. Wanaanza kunuka. Profesa alianza kuwakusanya kule Lokandu, angali asistanti, mwalimu mudogo. Maisha yake yote ya kazi njo hayo. Ameketi chini sakafuni. "Mama Feza, hawa peke yao njo hawakukimbia masomo yangu." Nikacheka. Kisha nikalia.

Jumanne, tarehe 5
Alkoli hakuna. Gari-moshi haiji, muji wetu wa Kindu umezungukwa na vita. Iko kitu kimoja tu: lutuku, pombe kali ya kupika nyumbani. Na miye shemasi! Sijaonja pombe tangu nibatizwe. Lakini marehemu mama aliipika, na mikono yangu haijasahau. Muhogo wangu umenyeshewa, umeoza, hauliki tena. Nimeuloweka pamoja na mahindi yaliyoota. Mungu ananiona. Aone.

Alhamisi, tarehe 14
Nimepika uani, mchana kweupe. Sijifichi. Mama Sifa wa jirani akapaza sauti: "Shemasi! Watu tunakula majani, weye unapikia maiti ya samaki pombe? Leta basi kikombe, na miye nimekufa nusu!" Watu wakacheka. Profesa akamwaga kidogo kwenye sahani, akawasha kiberiti. Haikushika moto. Maji mengi mno. Nimechoka, nimekasirika. Kesho narudilia.

Ijumaa, tarehe 15
Nimeipika mara ya pili. Imewaka! Moto wa buluu, safi. Profesa alipiga makofi kama mutoto. Tumejaza bokali zote. Samaki watatu walikuwa wamekwisha kuharibika, tukawazika. Profesa akawavulia kofia.

Jumapili, tarehe 17
Muchungaji amenitaja kwa jina mbele ya kanisa. Nitubu, ama nitoke kwenye Meza ya Bwana. Nilisimama. "Nimetubu mengi, Muchungaji. Hii, hapana." Wamenivua ushemasi. Sijutii. Ila mukate ule wa Meza, Bwana wangu, ninaulilia.

Jumapili, tarehe 9 Juni
Daftari mupya. Miaka kumi na moja imepita. Vita iliisha zamani, binti yangu Feza iko na watoto wake. Profesa njo doyeni sasa, mukubwa wa kitivo kizima. Vijana wanatoka mbali, mpaka kule Obokote, kuja kusoma juu ya samaki hao. Wiki iliyopita alinifuata: "Mama, niache niende kwa Muchungaji, nimwambie kosa ni langu." Nilikataa. Kosa gani?
Leo ilikuwa siku ya Meza. Niliketi benchi ya nyuma. Mukate ukanipita. Sikunyoosha mukono, sikuinamisha kichwa. Nimeimba sauti ya pili mpaka mwisho. Halafu Mungu na miye tumerudi nyumbani kwa miguu, polepole.