Kwa Mwalimu Moraa, Kuhusu Bwawa la Kiogoro

Mwalimu,

Wamekubali. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najua ungenikatiza: "Kerubo, wamesemaje?"

Bwawa la kuogelea la Kiogoro litaanza na upande wa watoto. Limepitishwa Jumanne, kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya watu wa Masimba na Ogembo na sisi wa ofisi ya mipango. Miezi minne tu tangu tukuzike.

Haikuwa rahisi. Mhandisi alileta mchoro mpya: bwawa la mashindano, maji marefu kila mahali, na majukwaa ya watazamaji. Ulipendeza, sikatai. Watu walipiga makofi. Upande wa watoto, akasema, utaongezwa baadaye. Nikatazama kiti chako karibu na mlango. Kilikuwa na mtu mwingine. Nikasimama, mimi ninayetetemeka mbele ya watu, nikasahau hata kusalimia kikao.

Nikawaambia kuhusu Nyaboke, mwanafunzi wako wa darasa la nne. Kwamba aliteleza kwenye shimo la kuchimbia udongo wa matofali, lililojaa maji ya mvua, akazama watu wazima wakisimama kando, na hakuna aliyejua kuogelea. Hukuwahi kujiondoa kwenye lawama hiyo. "Nilikuwa hapo nikipiga kelele tu," ulikuwa ukisema.

Nikawaambia pia ulichofanya baadaye. Miaka hamsini na sita, mama Msabato mwenye wajukuu, ukaenda kujifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli mjini. Nilikusindikiza siku ya kwanza. Ulishika ukingo kwa mikono miwili, meno yakigongana kwa baridi. Ulipotoka hukuomba hata taulo. Ulisema, "Maji ya watoto yapashwe moto. Andika." Nikaandika kwenye daftari lako.

Hivyo ndivyo ulivyonifundisha kazi, mimi niliyekuja na digrii yangu. Nilidhani mpango ni mchoro. Wewe ukauliza maji yatatoka wapi wakati wa kiangazi. Pampu ikiharibika mwaka wa kumi, nani hapa atajua kuitengeneza? Mama anayeuza ndizi Ogembo atamleta mtoto saa ngapi? Siku moja nilichoka, nikakuuliza: mpango wa miaka thelathini, Mwalimu, wewe utakuwa wapi? Ukacheka hadi ukashika meza. "Kaburini. Kwani wananijazia mimi hayo maji?"

Nilicheka pia. Sikujua kwamba tayari ulikuwa umeambiwa na daktari. Kikohozi tu, ulisema. Hilo bado... hilo tuliache.

Jumanne hiyo, nilipoketi, mama mmoja wa Masimba nisiyemjua alisimama. Akauliza, "Hayo maji marefu ni ya nani? Watoto wetu wanazama kwenye maji ya kufika kifuani." Mhandisi akakuna kichwa, kisha akachukua kalamu na kuanza kuchora upya hapo hapo mezani. Si mtu mbaya. Baada ya kikao aliniomba daftari lako akalisome.

Kwa hiyo watoto kwanza. Ardhi ya bwawa la mashindano itabaki wazi, na kwa sasa itapandwa ndizi. Vijana wanane, wanne wakiwa wasichana, wanaanza mafunzo ya uokoaji mwezi ujao, kabla hata jembe halijagusa udongo. Hilo ndilo ulilolipigania kuliko yote. Walikuwa wakikucheka: waokoaji wa bwawa ambalo halipo!

Nami niliitwa kazini Nairobi. Ofisi kubwa. Nimewaandikia kwamba siendi. Nyumbani wanasema nimerukwa na akili, na labda ungewaunga mkono. Lakini nimepiga hesabu: mpango huu ukiisha, nitakuwa na miaka sitini na mmoja. Nakuahidi kwamba kila utakapofunguliwa kurekebishwa, nitakuwa mezani, na hakuna atakayeahirisha watoto nikiwa nimekaa pale.

Pumzika sasa, Mwalimu. Umefanya kazi ya kutosha.

Wako,
Kerubo