Chokaa ya Bibi Felomena

Eva, usinipigie, nitalia. Soma tu.

Nyumba ya Mzee Octavian imesimama palepale Mbekenyera, lakini michoro yote aliyoichora ukutani miaka thelathini imepakwa chokaa. Nyeupe pe.

Nimefika asubuhi na wale wageni wa Dar waliotaka nyumba ihifadhiwe. Mjane wake, Bibi Felomena, katupokea kavaa kanga mpya, kucha bado zina chokaa.

"Mwalimu, tumejitahidi. Wageni wasikute uchafu."

Wasikute uchafu, Eva.

Na ile bustani. Unakumbuka alivyopanga maua kama anachora, ukifuata njia ya mawe unatoka kwenye njano mpaka unaishia kwenye nyekundu? Wamefyeka yote, wakafagia. Uwanja una alama za ufagio tu. Nyuma ya choo majivu bado yanafuka.

Nikamuuliza nani kawaambia. Akaenda ndani, akaniletea barua aliyoitunza kwenye Biblia. Mwandiko wangu. Niliandika mwenyewe, "Wanakuja wageni wakubwa, mazingira yawe safi."

Mimi, Eva. Mwenyewe.

Wageni hawakukaa hata robo saa. Kamera hawakuitoa.

Bibi alikuwa kapika kuku. Nimekula, ningefanyaje. Wakati naaga akanishika mkono, akaniuliza kama wageni wameipenda nyumba.

Nikamwambia wameipenda sana.

Akafurahi. Akasema chokaa imebaki kidogo, kesho atakwenda kupaka kaburi la mzee, naye apendeze.