Kwa Ajili ya Chungu

Buyangu, Kakamega

Mama yangu mpenzi,

Assalam aleikum, wewe na wote wanaokuzunguka hapo nyumbani Msambweni. Kabla ya yote nataka kujua habari za goti lako. Usiniambie "si neno", maana hilo ndilo jibu lako hata siku ulipoanguka kisimani. Je, ile dawa ya kuchua imekusaidia, au bado imo kabatini unangoja goti lipone lenyewe?

Saumu, wifi yangu, najua ni wewe unayemsomea. Soma yote kama yalivyo, na ukifika mahali ninapomtania Mama usiruke, nitajua tu.

Mimi ni mzima. Nilipatwa na homa wakati wa mvua, nikalala kitandani siku kadhaa, lakini sasa nakula na kufanya kazi. Huku wananilisha obusuma, ugali wao, mpaka nguo zinanibana.

Mama, ulipozungumza nami kwenye simu mara ya mwisho uliniuliza, "Mejumaa, unakaa huko mwisho wa dunia kwa ajili ya chungu?" Simu ikakatika kabla sijajibu. Najua ulifikiri nimekukatia. Wallahi sikukukatia, ni mtandao. Ndiyo maana nimekaa chini nikuandikie, kwa sababu swali hilo halijibiwi kwa neno moja, na siku ile hata mimi nilikuwa sina jibu.

Unakumbuka nilivyokueleza kwamba kikundi chetu kina kipande cha msitu kando ya msitu mkubwa wa Buyangu. Ndicho kilichonipa kazi ya kitalu cha miche, na ndicho kinacholeta wageni ninaowatembeza. Kiangazi cha mwaka jana, jirani mmoja alimaliza kuvuna miwa akachoma majani makavu shambani. Watu wa huku huchoma hivyo kila mara, wala si ubaya, kwao moto ni ufagio. Lakini siku ile upepo uligeuka. Tulikata matawi mabichi tukaupiga moto hadi mikono ikatoka malengelenge, na jua lilipozama kipande chetu chote kilikuwa cheusi. Nililia, Mama, sikuficha.

Baada ya hapo ukafanyika mkutano. Mwenyekiti wetu anaitwa Mzee Wafula, mtu mwema, lakini akishika jambo halitoki. Akasimama akasema, "Hii msitu imekufa. Tung'oe visiki tupande bulugamu. Bulugamu inakuanga haraka, tutauza posti za stima." Hiyo bulugamu ni mikaratusi ya nguzo za umeme, Mama, ile miti inayokunywa maji ya mto mzima. Karibu wote wakaitikia kwa vichwa. Nami nikasimama, mgeni wa pwani, nikasema msitu haujafa. Mzee akaniuliza, "Utajuaje?" Nikasema, "Kwa chungu."

Walicheka mpaka mwingine akashika mbavu. Hata wewe ungecheka. Lakini nilikuwa nimemkumbuka Baba, Mungu amrehemu. Unakumbuka alivyotukataza kuwachoma maji moto, wale chungu wekundu wa mitini, kwenye mikorosho yake? Wewe ulikuwa unamwambia, "Hawa wanatuuma kila tukiokota korosho, na wewe unawalinda kama watoto wako!" Naye akikujibu kwamba mkorosho wenye maji moto wadudu wabaya hawaukaribii, na mkorosho ambao maji moto wameuhama, ujue una jambo. Nimekua na maneno hayo. Na miaka ya nyuma alipita hapa mtafiti mmoja akanionyesha kwamba hata msitu ni hivyohivyo: ukitaka kujua hali yake, tazama chungu walioko.

Basi nikaomba wanipe muda, mvua za vuli na za masika zote zipite. Chungu wa msituni wakirudi, msitu uachwe uote wenyewe. Wasiporudi, waite jembe, nami nitanyamaza. Mzee Wafula akakubali mbele ya watu. Nami moyoni nikaongeza la kwangu ambalo sikulisema pale, ila wewe nilikuambia: msitu ule ukipandwa mikaratusi, kazi yangu imekwisha, nitafunga mzigo nirudi nyumbani. Najua ulianza kuwaombea jembe tangu siku ile. Nakufahamu.

Kazi yenyewe ni hii. Unachimba kishimo, unazika kikombe mpaka mdomo wake ulingane na ardhi, unatia maji yenye sabuni kidogo, unakifunika kwa jiwe bapa lililoinuliwa kwa vijiwe ili mvua isikijaze. Chungu anayepita anatumbukia. Niliweka vikombe katika kipande kilichoungua, na vingine katika msitu mbichi jirani, nipate kulinganisha.

Mama, nilidhani mahali pale hapana kitu. Kumbe majivu hayajapoa vizuri chungu wameshatoka chini! Wale wanaochimba nyumba zao ndani ya udongo, moto ulipita juu yao wao wamejilalia. Wakajaa wale weusi wepesi wapendao jua, wanakimbia kama wamechelewa sokoni, na wale wenye vichwa vikubwa wanaokokota mbegu za nyasi. Waliokosekana ni wale wanaoishi ndani ya vijiti vikavu na magome ya miti na chini ya majani yaliyooza. Hao nyumba zao ziliungua nao wakiwemo. Na siafu pia hawakuonekana, kwa sababu siafu wa huku hapendi kupita juani kwenye ardhi kavu, anataka kivuli na unyevu. Nikawa nawangoja hao kama mtu anayengoja wageni wa harusi.

Vuli ikapita. Machipukizi yakatoka kwenye visiki, majani yakaanza kudondoka chini, na chungu wa vijitini wakaanza kurudi mmoja mmoja. Nikajipa moyo. Kisha masika yakaanza, na hiyo homa ikaniangusha. Jirani yangu Mama Nasambu, ambaye ndiye ndugu yangu huku, alikuja na uji akaniambia, "Wewe lala, dada. Vikombe zako mimi nitaangalia." Nikamshukuru nikalala.

Siku nilipoinuka nilikwenda kwenye kipande kilichoungua kuvitazama vikombe. Vitupu. Nikaenda cha pili, cha tatu, vyote vitupu, maji ya sabuni yanang'aa kama ya kunawia. Hata wale weusi wa juani hawamo. Mkutano ulikuwa karibu. Nikakaa juu ya kisiki, nikasema basi, Mzee Wafula ameshinda, msitu umekufa kweli na mimi nimejiaibisha. Ndiyo siku niliyokupigia simu, Mama. Ndiyo siku uliyoniuliza swali lako. Ulinisikia sauti yangu ukafikiri ni mafua.

Usiku nilifunga mzigo, na kesho yake nilikwenda msitu mbichi kuvitoa vikombe vilivyobaki huko, nivioshe nivifunge. Navyo vitupu. Nikainama kutoa kimoja, nikaona kimezungukwa na jivu. Jivu jeupe, laini, la jikoni. Kule kulikoungua ningeliona nisishangae, ardhi yenyewe bado ina kijivu kila mahali. Lakini huku moto haukufika! Na mvua imenyesha usiku, mbona jivu hili ni kavu?

Sikukaa sana. Mama Nasambu alitokea kwenye njia, leso kiunoni, kopo la jivu mkononi, anainamia kikombe baada ya kikombe na kunyunyiza kwa uangalifu kama anayetia chumvi kwenye mboga.

"Mama Nasambu! Unafanya nini?"

"Mulembe, dada, umeamka! Nachunga vikombe zako. Ilikuwa imejaa chungu! Nimemwaga yote, nimeosha, nimeweka maji safi. Sasa hata mmoja hawezi ingia."

"Lakini hivyo vikombe ni vya kukamatia chungu!"

"Ya kukamata? Mtu anakamatanga chungu wa nini? Kwetu chungu wakikaribia chombo, tunawekanga jivu. Hata kwa mzinga wa nyuki, tunawekanga. Hiyo hata mtoto anajua."

Mama, nilipiga kelele. Nilimwambia nilivyolia jana juu ya vikombe vitupu, na maneno mengine ambayo hayafai kuandikwa, Saumu ataona haya kuyasoma. Yeye naye hakukubali kupigwa kelele msituni na mtu aliyempikia uji, akanijibu kwa Kiluhya na kwa Kiswahili, akatupa kopo chini. Kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo wewe umelia jana juu ya jivu yangu?" Nikashindwa kujizuia, nikacheka, naye akacheka, tukacheka mpaka tukakaa chini. Lakini ndani yangu kitu kimoja kilikuwa kimesimama wima: msitu haujafa. Mzigo niliokwisha kuufunga niliufungua siku ileile.

Tulichota lile jivu lote na udongo wake tukalitupa mbali, tukahamisha vishimo. Mama Nasambu alichimba kuliko mimi. Kila akipita mtu njiani anamkemea, "Usiweke jivu hapa!" utadhani watu wote hutembea na jivu mfukoni. Chungu wakarudi vikombeni. Wale wa vijitini wakaongezeka. Siafu tu ndio sikuwaona, na Mzee Wafula alikuwa amesema wazi: "Mimi najua chungu moja tu ya msitu, ni siafu. Nisipoona siafu, sijaona kitu."

Siku ya mkutano tulikutana palepale msituni, alasiri, mvua imetoka kukatika. Niliwaonyesha chungu wangu juu ya sahani nyeupe. Wengine waliangalia vizuri, wengine walipiga miayo. Mzee Wafula alisimama chini ya machipukizi yaliyokwisha kufunga kivuli, akaanza hotuba yake ya bulugamu. Alikuwa amefika kwenye posti za stima alipokatiza neno katikati. Akapiga paja. Akapiga paja la pili. Kisha mwenyekiti wetu, Mama, mtu mzima mwenye koti, akaanza kuruka na kujifungua mkanda huku akimwita marehemu mama yake.

Siafu! Walikuwa wametoka msitu mbichi, mstari mweusi mnene kama kamba ya ng'ombe, wamevuka mpaka, wamepita mahali palipoungua, na Mzee amesimama katikati ya njia yao. Watu wakatawanyika huku wakijipangusa. Mama Nasambu, kwa mazoea, alikuwa ameshajaza viganja vyote viwili jivu la moto wa chai yetu. Akanitazama. Akautazama mstari. Akafungua mikono, jivu likaanguka palepale miguuni pake.

"Wacha wapite," akasema.

Tuliwaacha wapite. Mzee Wafula alirudi kutoka nyuma ya kichaka, mkanda umefungwa, akawatazama muda mrefu wakiingia chini ya majani. Akasema, "Bulugamu nitapandanga kwangu." Hakuna aliyebisha, na mkutano ukaishia hapo.

Kwa hiyo sirudi, Mama. Sirudi kukaa. Najua si jibu uliloliombea, na najua nyumba ni kubwa tangu Baba alipotutoka. Nakukumbuka, na jioni nyingine hunishika hamu ya sauti yako hata ya kunigombeza. Lakini mahali hapa panaamka, nami nataka kuwapo. Ulizoea kuniambia mkaidi hafaidi ila siku ya Idi. Basi Idi nitakuja, nifaidi. Mama Nasambu anataka kunipa ingokho nikuletee. Nimemwambia safari ni ndefu, kuku atafika hoi, hasikii.

Nisalimie Kaka, na umwambie asichome takataka chini ya mikorosho ya Baba. Nisalimie Shangazi mwuza vitumbua, na mwalimu wa madrasa aliyenichapa. Nawe Saumu, ahsante kwa macho yako.

Umeniuliza kama nakaa huku kwa ajili ya chungu. Ndiyo, Mama. Kwa ajili ya chungu.

Mwanao, aliyeumwa na siafu lakini hajambo,

Mejumaa