Kabula Alipopiga Goti Mdahaloni

Mwalimu Luhende, rafiki yangu,

Unajua mazoea yangu: barua zangu huanza na jambo lenyewe. Leo naanza na salamu, kwa sababu juzi binti yako alinifundisha kazi ya salamu. Hujambo huko uliko? Huku Ushirombo mvua imechelewa, mkeo ana afya, na kaburi lako tumekwisha kulijengea. Sisi hatujambo, ila benchi limekuwa refu mno.

Nasema lile benchi letu la mbele katika kila mdahalo wa wagombea, tulipokaa wawili na daftari moja, tukiwatia alama kwa kalamu nyekundu kama wanafunzi. Unamkumbuka yule aliyepandisha suruali kila alipokaribia kudanganya? Ulininong'oneza, "Mwalimu, mkanda huo unajua siri nyingi." Na yule aliyefuta paji la uso lisilo na jasho? Na yule wa "kama nilivyokwisha kusema," ilhali hakuwa amesema lolote? Hakuna aliyewahi kuvuka sita juu ya kumi.

Sasa sikiliza. Binti yako Kabula anagombea udiwani. Katika siku zako za mwisho ulinishika mkono ukasema, "Ulimi wa huyu mtoto nakuachia wewe." Nilikubali. Basi alipokuja kunieleza nia yake, nilimtaka asimame azungumze kwa dakika mbili, nami nikatazama saa. Akapiga goti, akasalimia wazee, akasalimia akina mama, akauliza habari za ng'ombe na za mashamba. Dakika mbili zikaisha kabla hajakitaja kisima chetu kibovu, hoja yake kuu. Nikamwamuru azikate salamu zote.

"Baba mdogo, watu watanionaje?" akauliza.

Nikamjibu kwamba watu wanataka maji, hawataki magoti. Tukafanya mazoezi kwa wiki tatu.

Mdahalo ulifanyika Jumamosi katika uwanja wa shule yetu. Waliniomba nishike kengele ya muda. Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Masalu, aliyepata mali machimboni, upande wa Katoro. Yeye hupaza sauti kama anayemwita mtu aliye chini ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kisha hutega sikio akingoja jibu lipande. Nilicheka. Nikageuka upande wako nikuoneshe...

Basi.

Kabula akasimama wima, kama nilivyomfundisha. "Pampu ya kisima chetu imekufa tangu masika," akaanza. Uwanja ukapoa. Mama mmoja muuza dagaa akasema kwa sauti, "Kwani tumelala naye nyumba moja, hata asitusalimu?"

Mwingine akadakia, "Huyu ni wa Mwalimu Luhende kweli? Baba yake alikuwa akisalimia hata mbuzi!"

Wakaangua kicheko. Kabula akanitazama. Hapo nikatambua kwamba kosa lilikuwa langu.

Hakungoja msaada. Akapiga goti vumbini, akawasalimia kwa Kisukuma, wazee kwanza, kisha akina mama, na yule muuza dagaa akamwita kwa jina la mwanawe: Mama Shija. Uwanja mzima ukaitikia. Saa nayo ilikuwa ikienda. Luhende, mkono wangu ulikuwa juu ya kengele, na hakuna ambaye angenilaumu kama ningechelewa kidogo. Nikaipiga.

"Mzee, mwache mtoto aseme!" wakanipigia kelele. Sikumwacha. Wewe usingemwacha.

Ikafika zamu ya kujibu maswali. Sasa salamu zilikuwa zimekwisha kuitikiwa, na watu walikuwa wamenyamaza ili wamsikie. Mzee Masalu alikuwa ameahidi visima vitano. Kabula akamgeukia kwa adabu: "Baba, hicho kimoja kilichokufa atakifufua nani?" Kisha akaeleza ni kipuri gani kimevunjika, fundi yuko wapi, na nani ataitunza pampu ikishapona. Alipomaliza, akasugua kidole gumba na cha shahada, kama anayepukuta chaki, akasema, "Hilo tumelimaliza?"

"Tumelimaliza!" wakaitikia.

Chaki hiyo ni yako, rafiki yangu. Hajawahi kufundisha hata siku moja, lakini aliipukuta. Kengele niliisahau, wala haikuhitajika.

Nimemwomba radhi. Nilimwambia, "Goti lako ni lako, salamu zifupishe tu." Kura ni Jumatano. Naamini atashinda, nami unajua si mtu wa kubahatisha. Daftarini nimemtia saba. Usiseme nimempendelea, nimeihesabu mara mbili.

Pumzika, Mwalimu. Mahali pako kwenye benchi naweka kofia yangu, asipakalie mtu. Nakuahidi hili: Kabula akipata udiwani, kila atakaposimama kusema nitakuwa mbele yake na kalamu nyekundu. Na masika yakirudi pampu ikiwa bado imekufa, nitamwandikia sifuri, kisha nitakuja kaburini kukuambia mimi mwenyewe.

Mwenzako wa benchi la mbele.