Siku Baba Alipotueleza Treni Inavyosimama

Nyumbani kwa Baba na Mama,
Chumba cha mbele, karibu na dirisha,
Jumapili, mwishoni mwa mwezi wa sita.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Goti linaendeleaje? Mama anasema ulimwambia limepoa, lakini wewe na ugonjwa ni watu wa kutunziana siri, kwa hiyo nauliza upya. Na yule mdogo wenu, meno ya mbele yameshaota au bado anatuchekea na pengo?

Sisi huku hatujambo. Mama ana miwani mipya, nimempimia mwenyewe pale kwenye duka letu la miwani. Sasa anaona mpaka vumbi lililojificha nyuma ya kabati, na nyumba nzima hatuna amani. Shemeji yako anakusalimu. Anasema amepungua tumbo sana. Mimi naona kidogo, lakini namwitikia.

Sasa Kaka, kuna habari imenishinda kuisema kwenye simu, maana ukipiga, simu anaishika Mama, na Baba yuko palepale kwenye kiti chake anajifanya hasikii. Ni habari ya Baba mwenyewe. Usishtuke, ni mzima. Tafuta mahali pazuri ukae uisome taratibu.

Mwezi wa pili alikwenda kumchukua Kipusa wangu shuleni, kama anavyofanya tangu alipostaafu. Wakafika kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, taa ikawaruhusu, Kipusa akachomoka mbele kukimbilia ng'ambo. Hakukuwa na gari lililokuwa likija. Baba akamdaka mkono, akamvuta kwa nguvu zake zote mpaka bega likateguka. Halafu, badala ya kumbembeleza mtoto anayelia, akaketi ukingoni mwa barabara anatetemeka, jasho linamtiririka. Muuza magazeti wa pale ndiye aliyenipigia, namba aliiona kwenye begi la mtoto, nikaenda nikawakuta hivyohivyo.

Bega lilirudishwa, likapona. Kilichobaki ni hiki: Kipusa akaanza kukojoa kitandani, na akisikia babu yake anakohoa mlangoni anaingia chini ya meza. Baba naye akawa hatoki nje kabisa. Daktari aliyemtibu mtoto akatuelekeza kwa mwanasaikolojia mmoja, mama wa makamo, anayeshughulika na watu waliopatwa na mambo mazito, mmoja mmoja na hata familia nzima. Mimi nilijua tunampeleka mtoto. Baba alikubali kutusindikiza kwa sharti kwamba yeye atakaa nje ukumbini, kwa sababu yeye si kichaa.

Ungekiona hicho chumba, Kaka! Kiko juu ya duka la vifaa vya umeme. Nilitegemea meza kubwa na koti jeupe. Nikakuta viti vya kila namna: sofa, kiti cha kuzunguka, kigoda, kiti cha kubembea, mito mikubwa sakafuni. Hakuna kiti kinachotazamana na kingine uso kwa uso. Mlango una kioo na haufungwi kwa ufunguo. Saa ya ukutani haipigi kelele. Yule mama hakuanza na maswali. Alisema tu, "Chagueni pa kukaa. Mkibadili mawazo, hameni." Kipusa akahama mpaka nikaona haya, na yule mama akafurahi kama vile mtoto ndiye aliyeelewa somo.

Jambo jingine lililonishangaza: hainuki ghafla. Akitaka kufunga dirisha anasema kwanza, "Nasimama nikafunge dirisha," ndipo anasimama. Unanijua, siwezi kukaa na swali tumboni, nikamuuliza maana yake. Akanijibu kwamba mtu aliyewahi kushtuliwa sana, mwili wake unabaki mlangoni unalinda, hata kama mwenyewe amekaa anakunywa chai. Na kwa kuwa lililompata lilimpata bila kuulizwa, pale kwake huulizwa kwa kila kitu, hata dirisha. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikawa nawatazama watu wote barabarani, najiuliza nani mwili wake uko mlangoni.

Kipusa alikuwa akichora na kucheza na wanasesere, na kidogo kidogo shuka zikaanza kuamka kavu. Baba hakufuatwa. Yule mama akipita ukumbini anamwamkia, anamwambia saa watakayomaliza, basi. Na kweli walimaliza saa hiyohiyo, kila mara, bila kuzidisha. Wewe unajua kitu gani kinamfurahisha dereva wa treni kama Baba. Siku moja njiani Baba akasema, "Huyu mama anafika kwa wakati." Kaka, kwa Baba hiyo ni nishani. Wiki iliyofuata akaingia ndani, akachagua kiti cha karibu na mlango. Baadaye akaanza kwenda peke yake. Nyumbani akawa anamwita Mama Viti.

Udadisi uliniua. Walikuwa wanaongea nini humo? Nilimuuliza Mama Viti kijanja, nikizunguka mbali, akatabasamu na kuniambia, "Hayo ni yake. Akitaka kukupa, atakupa." Nikamtegea Baba kwenye chai, akaniuliza kama sukari imekwisha.

Kisha mwezi huu wa sita ukawadia. Baba mwenyewe akasema anataka twende naye, Mama na mimi. Kipusa tulimwacha na baba yake. Mama alivaa kama anayekwenda harusini, akakaa kwenye sofa akishika mkoba kwa mikono miwili.

Mama Viti akatueleza kitakachofanyika na kisichofanyika, kisha akamwambia Baba, "Ukitaka tusimame, inua mkono. Tutasimama hapohapo."

Baba akacheka kidogo. "Treni haisimami kwa kuinua mkono."

"Inasimamaje?" akauliza yule mama. Na Kaka, aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Basi Baba akaanza kueleza. Unamfahamu Baba wa maneno mawili. Siku hiyo alieleza breki, upepo unavyopita kwenye mabomba kutoka behewa hadi behewa, uzito wa mizigo, reli ikiwa na umande. Mikono yake ilikuwa ikishika vitu ambavyo havikuwepo. Akasema ukiwa na mabehewa yaliyojaa na ukavuta breki ya dharura, kazi yako umeimaliza. Treni itasimama inapotaka yenyewe, mbali sana na pale ulipotaka wewe.

"Kinachobaki ni kutazama," akasema.

Hakuna aliyemhimiza. Ndipo akasema kwamba kwenye kona baada ya tangi la maji alikuwepo mwanamke amesimama katikati ya reli, ameshika mfuko. Baba alipiga honi mpaka mkono ukafa ganzi. Yule mwanamke hakukimbia. Aligeuka akamtazama. Baba anamkumbuka uso mpaka leo, Kaka, na hajawahi kujua jina lake wala kwa nini alikuwa pale. Kesho yake alipangiwa zamu kama kawaida, na akapita tena kwenye kona ileile.

Nilimwona anaanza kutetemeka kama siku ile barabarani. Mama Viti hakumshika. Alimuuliza taratibu, "Miguu yako inasikia sakafu?"

"Inasikia."

"Ikanyage kidogo."

Akaikanyaga. Pumzi ikamrudia. Nilikuwa nikikanyaga na mimi bila kujua.

Baba akasema, "Nilifika nyumbani nikala, nikalala. Hamkujua hata mmoja."

"Nilijua," akasema Mama.

Sijawahi kumwona Baba akigeuza shingo haraka vile. Mama akaeleza kwamba mwenzake wa kwenye injini alitangulia kufika kwetu mchana huo, akamwambia kila kitu akiwa amesimama uani. Mama akamwekea Baba maji ya kuoga, akapakua chakula, akafua sare. "Niliogopa nikikuuliza utavunjika," akasema. "Nikasema nitangoja uanze wewe."

"Na mimi niliogopa nikikwambia hutalala tena."

"Sikulala hata hivyo," akasema Mama, na hapo wote wawili wakacheka kicheko cha ajabu, machozi yanawatoka. Mama akahama sofa akaenda kukaa kwenye kiti cha pembeni ya Baba. Mama Viti alitazama tu. Nilikuwa nikijiuliza anawezaje kulipwa kwa kunyamaza, Kaka. Sasa nimeona kuwa kunyamaza namna ile ni kazi ngumu, mimi nisingeiweza hata kwa dakika.

Sasa hesabu vizuri wakati. Mwaka wa ajali hiyo ndio ulikuwa unamaliza sekondari, umejaza maombi ya chuo cha reli, na Baba akaenda mwenyewe kule chuoni kulitoa jina lako kwenye orodha. Uliporudi ukamkuta mezani, akakwambia mbele yetu sote, "Wewe kazi hii huiwezi." Najua ulivyoondoka, na najua kwa nini simu zako humalizikia kwa Mama. Sikuandikii ili nikuambie usamehe, hilo ni lako. Nakuandikia kwa sababu mimi mwenyewe miaka yote nilijiuliza alikuona una kasoro gani, na siku ile nikagundua alichokuwa akikiona ni ile kona.

Usifikiri kwamba ametoka kule amekuwa mtu mpya. Bado usingizi wake ni wa mang'amung'amu, na honi ya lori humfanya ashike meza. Mama Viti anasema hilo halifutiki kama ubao, ila mtu anaweza kujifunza kulitambua likija na kulisubiri lipite. Lakini ameanza tena kwenda shuleni. Waliwekeana utaratibu na Kipusa: babu hamshiki mjukuu mkono, mjukuu ndiye anayemshika babu kidole. Akitaka kumwachia, anamwambia kwanza. Juzi niliwafuata kwa nyuma bila wao kujua, sikuweza kujizuia. Kwenye kivuko Kipusa alisimama, akamwangalia usoni na kumuuliza, "Babu, uko tayari?" Baba akakanyaga ardhi mara moja, akasema yuko tayari. Wakavuka.

Msalimie sana wifi, mwambie kitambaa alichoomba nimekipata. Wabusu watoto wote, na yule mwenye pengo umzidishie. Mama anakusalimu na kukuombea usiku na mchana. Shemeji yako na Kipusa wanakusalimu. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, akulainishie kazi ya mikono yako.

Dada yako akupendaye daima,
Mama Kipusa

Nyongeza: Nilikuwa nikitafuta bahasha Baba akapita, akauliza naandika kwa nani. Nikamwambia, na nikamwambia pia nilichokuandikia. Nilidhani atagomba. Akasimama, ameshika mwimo wa mlango. Nikamuuliza kama ana neno nikuongezee. Akasema, "Mwandikie kwamba kazi ile aliiweza. Aliiweza kuliko mimi. Ndiyo maana nilimtoa." Kisha akaniuliza huko kwenu unatoka kazini saa ngapi.